Nilimeza dawa mseto bila kujua nina mimba, na sasa wananiita kwenye utafiti. Nifanyeje?

BARUA

Shikamoo dada. Naomba jina langu usiliweke, mana mume wangu na mawifi zangu wanasoma safu yako, wakinijua itakuwa kesi.

Dada hii ndio mimba yangu ya kwanza na tumeitafuta kwa muda mrefu mpaka ndugu wakaanza kunisema. Sasa kabla sijajua kama nimeshika nikaumwa, homa kali, kichwa, viungo vyote vinauma, nikaenda kupima wakasema malaria ipo, nikapewa dawa mseto nikameza siku zote tatu sikuacha hata kidonge. Period haikuja nikajua ni ule ugonjwa umenivuruga. Alafu kichefuchefu kikawa hakiishi hata baada ya homa kupona, nikapima mkojo, mistari miwili. Dada badala ya kufurahi nilikaa chini nikaanza kuhesabu, nikaona zile dawa nimezimeza mimba ikiwa changa kabisa, kama wiki ya tano hivi.

Nikamwambia shangazi yangu kwa siri, akasema dawa za malaria zinaharibu mtoto tumboni, wengine wanazaliwa hawana viungo, bora niitoe mapema kabla haijawa kubwa nitapata nyingine. Hiyo kauli imeniondolea usingizi. Kliniki nimeenda, nimefanyiwa ultrasaundi, wakasema mapigo ya moyo yapo na mimba ina wiki 11, lakini nilishindwa kuwaambia habari ya zile dawa, niliogopa wataniambia neno baya.

Sasa hapohapo kliniki kuna nesi mwingine akaniita pembeni, mpole tu, akasema kuna utafiti wa malaria kwa wajawazito. Eti kuna dawa ya kinga ambayo kila mjamzito anapewa, ile ya SP, na kuna nyingine wanataka kuilinganisha nayo, wanawake wanagawanywa kwa bahati nasibu, mimi sichagui na nesi hachagui. Watakuwa wananitoa damu kila nikienda, nikijifungua watachukua kipande cha kondo la nyuma wakapime, na mtoto watamfuatilia mpaka atimize mwaka. Akanipa fomu ya kurasa nyingi niende nayo nyumbani nikasome.

Nilipomuonyesha mume wangu akawaka. Kasema wewe na mwanangu sio panya wa majaribio, na hakuna kusaini kitu bila ruhusa yake. Wifi yangu kaongeza lake, kondo la nyuma wanalitaka la nini, hiyo damu wanauza. Rafiki yangu yeye ananiambia nisikatae, nikikataa manesi watanikumbuka siku ya kujifungua waninyanyase.

Dada mimi niko katikati. Nina maswali mawili tu, mtoto wangu nimeshamuumiza au bado yuko salama? Na huu utafiti niingie au niukimbie? Nakuomba unijibu mapema mana shangazi kila siku ananipigia simu.

Mjamzito wa kwanza

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa hiyo mimba, naona hamna mtu hata mmoja aliyekupa hongera kwenye barua nzima.

Naanza na la shangazi mana ndilo lina haraka. Hakuna sababu yoyote ya kitabibu ya kutoa mimba eti kwa kuwa ulimeza dawa mseto wiki ya tano. Hakuna. Mwambie shangazi unashukuru kwa kukujali na hilo jambo limefungwa, akiendelea kupiga simu usipokee kwa siku kadhaa, upumzike. Najua hakusema kwa ubaya, hofu yake ina mzizi na mzizi wenyewe ntakueleza, ila ushauri wake ungekugharimu mtoto mnayemtafuta miaka yote hii kwa sababu ya kitu ambacho kimeshachunguzwa na kikaonekana sivyo.

Ilikuwa hivi. Dawa mseto zina kiambato cha jamii ya artemisinin, ambacho Tu Youyou na wenzake waligundua China miaka ya 1970 kutoka kwenye mmea wa pakanga, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Dawa ikaonekana ni nzuri ajabu kwa malaria. Lakini walipoijaribu kwa panya na sungura wenye mimba changa, baadhi mimba zikatoka na wengine watoto wakawa na hitilafu za moyo na mifupa, kwa sababu dawa ilikuwa inaua chembe changa za damu za kijusi. Baada ya hapo kila aliyekuwa anaandika mwongozo akawa anasema mjamzito wa miezi mitatu ya kwanza asipewe, apewe kwinini pamoja na clindamycin kwa siku saba. Sasa nani amewahi kumeza kwinini siku saba akafurahi, masikio yanalia, kichefuchefu juu ya kichefuchefu cha mimba, sukari inashuka, wengi walikuwa wanaachia njiani na malaria inabaki humohumo.

Swali likawa je kwa binadamu ni kama kwa panya? Na hapa ndipo stori yako inapoingia. Hamna mtafiti ambaye angethubutu siku zile kuchukua wajawazito wa wiki ya tano akawagawa kwa bahati nasibu huyu artemisinin huyu kwinini. Kilichofanyika ni kuwafuatilia wanawake kama wewe, waliomeza bila kujua wana mimba, au waliopewa kwa sababu kwinini haikuwepo siku hiyo. Wakaandikishwa mapema, wakaulizwa umemeza nini na lini, wakafuatwa mpaka siku ya kujifungua, mtoto akaangaliwa kuanzia kichwa mpaka vidole vya miguu. Hizo takwimu kutoka sehemu mbalimbali za Afrika na Asia zikakusanywa pamoja, mimba zaidi ya 34,000, na ndani yake zaidi ya 700 mama alikuwa ametibiwa kwa dawa zenye artemisinin katika miezi mitatu ya kwanza. Wakahesabu mimba zilizoharibika, watoto waliozaliwa wamekufa na waliozaliwa na kasoro kubwa za mwili. Kwa waliotumia artemisinin ilikuwa kama 6 katika kila 100, kwa waliotumia dawa nyingine, kwinini zaidi, kama 9 katika kila 100. Yani hawakuwa na hali mbaya zaidi, na ukiitazama artemether-lumefantrine, ambayo ni mojawapo ya hizo dawa mseto, peke yake ilifanya vizuri kuliko kwinini. Mwishoni mwa mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake, sasa artemether-lumefantrine ndiyo dawa inayopendekezwa kwa malaria isiyo kali hata kwenye miezi mitatu ya kwanza.

Kwahiyo daktari mwenye mwongozo mpya, hata angejua una mimba siku ile, angekupa dawa hiyohiyo.

Kuna kitu kimoja nataka ukifanye lakini. Dawa mseto ziko za aina nyingi, tafuta lile boksi au karatasi ya hospitali uone imeandikwa nini. Kama ni artemether na lumefantrine basi ndiyo hiyo yenye ushahidi mwingi. Kama ni nyingine ya jamii hiyo bado sio sababu ya kukimbilia kutoa mimba, ni kwamba tu ushahidi wake ni mdogo zaidi, utamwambia mkunga na ataandika kwenye kadi. Kitu ambacho ningekuwa na maswali nacho zaidi ni kama walikuchanganyia na doxycycline au primaquine, hizo mjamzito hapewi, ila kwa ulivyoeleza siku tatu na kupona sidhani.

Na usiendelee kuwaficha. Nakuelewa kabisa kwanini ulinyamaza, unakaa pale kwenye benchi moyo unadunda unaona ukisema utahukumiwa, lakini mkunga hawezi kukusaidia kwa kitu asichokijua. Mwambie hivi tu, nilipimwa malaria nikameza dawa fulani tarehe fulani nilikuwa sijajua nina mimba. Sentensi moja. Na habari nzuri ni kwamba moyo unapiga na uko wiki 11. Hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia mtoto asilimia mia moja, hata ambaye hajawahi kumeza panadol hahakikishiwi, lakini zile dawa sio kitu cha kukunyima usingizi.

Kilichokuwa hatari kweli kwako ni ile malaria yenyewe, hilo watu hawalisemi. Kwa mjamzito vimelea vina tabia ya kujificha kwenye kondo la nyuma, chembe za damu zenye vimelea zina kitu juu yake kinachonata pale kwenye kondo, wanasayansi wanakiita VAR2CSA, na vikishanata vinazuia chakula na hewa kumfikia mtoto vizuri. Mama anaweza hata asiwe na homa, kipimo cha kidole kisione kitu, huku damu inapungua na mtoto anadumaa tumboni. Na mwenye mimba ya kwanza ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu mwili wake haujawahi kukutana na vimelea vya aina hiyo ya kondo, kinga yake inajengeka mimba kwa mimba. Sasa unaona wanataka kipande cha kondo la nyuma cha nini, mwambie na wifi. Malaria iliyojificha pale haionekani vizuri kwa njia nyingine, lazima walikate walitazame kwa darubini. Na damu inayotolewa kwenye tafiti za namna hii kwa kawaida ni matone ya kidole na kijichupa kidogo, haitoshi kuuzwa hata kama angekuwepo mnunuzi. Ila usiniamini mimi, fomu lazima iandike ni kiasi gani na mara ngapi, soma hapo.

Sasa tuje kwenye utafiti wenyewe. Mimi nimefanya unesi kwenye tafiti kwa miaka mingi, hicho chumba alichokuitia pembeni nakijua kwa ndani, nimeona kikifanya kazi vizuri na nimeona kikiharibu, kwahiyo ntakuambia pande zote.

Mumeo kasema panya wa majaribio na mimi simcheki, hiyo hofu ina historia. Kati ya 1957 na 1961 ilikuwepo dawa ya usingizi na kichefuchefu inaitwa thalidomide, wajawazito wakawa wanapewa bila kuchunguzwa ipasavyo kama inamdhuru mtoto, wakazaliwa watoto zaidi ya 10,000 wenye viungo pungufu. Pengine ndicho anachokikumbuka shangazi yako bila kujua kimetoka wapi. Baada ya pale dunia ikaogopa. Mwaka 1977 mamlaka ya dawa ya Marekani ikatoa mwongozo kwamba wanawake wote wanaoweza kushika mimba, sio wajawazito tu, wasiingizwe kwenye hatua za mwanzo za majaribio ya dawa, na mwongozo huo ukaja kuondolewa 1993. Lengo lilikuwa kutulinda. Matokeo yake ndiyo haya ya kwamba tunapewa dawa ambazo kipimo chake kilipangwa kwa miili ya wanaume, na kwenye karatasi ya ndani ya boksi wameandika kwa mjamzito usalama wake haujulikani, daktari aamue. Daktari naye anaamua kwa kubahatisha. Mi naona huko ndiko kufanywa panya, kumeza dawa isiyojulikana peke yako nyumbani na hakuna hata mtu anayeandika kilichotokea.

Hili linaniuma sana mdogo wangu, nisamehe kama nimepandisha sauti.

Tazama mfano mmoja wa karibu kabisa na huo utafiti unaoitiwa. SP, yani sulfadoxine-pyrimethamine, ni dawa ya zamani, na sehemu nyingi vimelea vimeshaizoea, kwahiyo watu wengi wenye akili wakasema ibadilishwe, tuweke dihydroartemisinin-piperaquine ambayo inaua malaria vizuri zaidi. Ukisikia hivyo unasema ni wazi, wabadilishe wanangoja nini. Wakafanya utafiti Kenya, Malawi na Tanzania, wajawazito 4,680, matokeo yakatoka 2023. Kweli ile mpya ilizuia malaria kuliko SP. Lakini walipohesabu mimba zilizoharibika, waliozaliwa njiti, waliozaliwa na uzito pungufu na waliokufa, kwa waliopewa SP ilikuwa asilimia 23.3 na kwa waliopewa ile mpya asilimia 27.9. Dawa iliyokuwa dhaifu kwa malaria ndiyo ilitoa watoto wenye hali nzuri zaidi! Inaonekana SP inasaidia ukuaji wa mtoto kwa njia nyingine nje ya malaria. Bila wale wanawake kukubali, leo ingekuwa imebadilishwa kwa nia njema na watoto wangeumia na hamna mtu angejua kwanini. Na nakuambia hivi ujue pia upande wa pili, kwamba dawa inayolinganishwa sio lazima iwe bora kwa sababu ni mpya. Unaweza kuangukia kundi lolote. Kama watafiti wangekuwa wanajua tayari ipi ni bora wasingekuwa na haki ya kufanya huo utafiti.

Kwahiyo hapo ndipo kwenye kitu ambacho manesi wengi wa utafiti hawakisemi kwa uwazi, nami nakisema. Utafiti haukufanywa kwa ajili yako wewe. Unafanywa ili kujibu swali, na jibu litawafaa zaidi watakaokuja baada yako. Wewe utapata kuangaliwa kwa karibu zaidi, vipimo, mtu wa kumpigia simu, na hiyo sio kitu kidogo, ila kama unaingia ukidhani umepata matibabu maalum basi hujaelewa na hawajakueleza. Kama sababu pekee ni ultrasaundi za bure tulia kwanza ufikirie tena.

Sasa kuhusu ruhusa. Saini ni yako. Miongozo ya kimataifa ya maadili ya utafiti inasema wazi kwamba idhini ya mtu mwingine, awe mume, baba au kiongozi, haiwezi kukaa mahali pa ridhaa ya mwanamke mwenyewe. Kuna tafiti zinaomba na saini ya baba kwa kuwa mtoto atafuatiliwa akishazaliwa, hiyo inakuja kuongezea yako, haiji kuifuta. Lakini nyumba ni yenu wawili na mimba ni yenu wawili, mimi nisingekushauri usaini kwa siri, utakuwa unaficha vidonge na kadi za mahudhurio miezi yote, utaumwa kwa presha bure. Nenda naye. Sisemi umpeleke akakuruhusu, mpeleke aulize. Mwanaume aliyewaka hivyo mara nyingi ana maswali ambayo hakuna mtu amemjibu, muache ayamwage pale mbele ya watafiti, amuulize daktari wao hilohilo la panya. Wakikasirika au wakimjibu kwa mkato mmeshapata jibu lenu, ondokeni. Nimeona waume waliokuja wamekunja uso wakatoka wao ndio wanaowakumbusha wake zao tarehe, nimeona pia waliotoka bado wanakataa, na mke akaheshimu akaendelea na kliniki ya kawaida na hakuna kilichoharibika.

Na rafiki yako anayesema ukikataa utanyanyaswa siku ya kujifungua, hiyo isitokee na ikitokea ni kosa kubwa. Una haki ya kukataa leo, una haki ya kukubali leo ukaacha mwezi ujao bila kutoa sababu, na huduma yako ya kawaida inabaki palepale, SP yako, chandarua chako, mkunga wako. Kwenye fomu kuna namba ya simu ya watafiti na kuna namba nyingine ya kamati ya maadili iliyopitisha utafiti, hiyo ya pili ndiyo ya kwako ukinyanyaswa, piga. Kama fomu haina namba ya kamati ya maadili usisaini kabisa.

Ukienda nenda na fomu umeipigia mistari. Waulize dawa zote mbili zimeshatumika kwa wajawazito wangapi na nini kilionekana, na kama kuna kundi litakalopewa vidonge visivyo na dawa wakati SP ipo, hapo usicheke nao, mahali ambapo SP inapendekezwa hakuna mjamzito anayepaswa kuachwa bila kinga yoyote. Waulize nikipata shida kwa sababu ya dawa yenu nani anatibu na nani analipa, mimi na mtoto, na mpaka lini, wakuonyeshe ukurasa. Waulize nauli wanarudisha? Damu na kondo vitakaa wapi, vitasafirishwa nje, vitatumika kwa utafiti mwingine baadae bila kuniuliza? Kwenye fomu nyingi hilo la mwisho lina kisanduku chake cha ndiyo au hapana na unaweza kusema hapana na bado ukaingia kwenye utafiti, watu wengi hawajui wanatiki tu. Waulize wakipima VVU majibu yanakaa na nani. Muulizeni na nani anayewachunguza wao, mana utafiti wa namna hii unatakiwa uwe na kamati huru inayoangalia usalama katikati ya safari na yenye mamlaka ya kuusimamisha kama kundi moja linaumia. Na mwisho wa yote mtatuletea majibu lini. Hilo huwa linawababaisha wengi.

Ishara moja ninayoiamini kuliko zote ni kama nesi akimaliza kukueleza anakwambia sasa nieleze wewe kwa maneno yako umeelewa nini. Akifanya hivyo anajua kazi yake. Akikusukumia kalamu anatazama saa, fomu irudishe kwenye mkoba uende nayo nyumbani. Huyu wako kakupa ukasome kwanza, kwangu mimi ameanza vizuri.

Na hao watafiti nao uwaambie kuhusu dawa mseto uliyomeza. Inaweza kukuondoa kwenye vigezo vyao au isikuondoe, wao ndio wanaojua, lakini wasipojua watahesabu kitu kisicho sahihi na wewe unaweza kupewa dawa mapema kuliko inavyotakiwa. Ukishaingia usiende kumeza SP sehemu nyingine kwa kudhani unajiongezea kinga, utakuwa unaidublisha. Na usiwe kwenye tafiti mbili kwa wakati mmoja bila wao kujua.

Unataka kujua mimi ningefanyaje? Kwa barua yako, kama hayo maswali yanajibiwa bila kuzungukwa na mumeo amekaa pale akasikia, mimi ningeingia. Naamini hivyo kwa sababu ile ahueni niliyokupa juu kabisa, kwamba mtoto wako hujamuumiza, imetoka kwa wanawake waliokaa kwenye benchi kama lako wakakubali kuulizwa na kufuatiliwa. Ila huna deni nao. Mimba ya kwanza, iliyotafutwa, yenye hofu zote hizi, ukisema nafsi yangu haitaki, basi hiyo ni sababu kamili, mwambie nesi asante hapana na usijieleze zaidi.

Ukiingia au usiingie, haya hayabadiliki. SP ya kinga inaanza ukishaingia mwezi wa nne, kuanzia wiki ya 13, vidonge vitatu kwa mkupuo, kisha kila hudhurio la kliniki mradi umepita angalau mwezi mmoja, mpaka ujifungue, ufikishe mara tatu au zaidi. Angalia vidonge vya foliki wanavyokupa, vile vya miligramu 5 vinaipunguza SP nguvu, vinavyotakiwa ni vya miligramu 0.4, waulize wabadilishe. Kama wewe ni mtumiaji wa septrini kwa ajili ya VVU basi SP hupewi, hizo mbili hazichanganywi, sema mapema ili upewe mpango mwingine. Chandarua chenye dawa kila usiku hata siku unayoona joto. Na homa ikirudi, iwe usiku iwe jumapili, nenda kapime siku hiyohiyo, usikae unasubiri tarehe ya kliniki na usianze kuogopa dawa ukaificha malaria. Ukiona damu inatoka, unatapika kila kitu, unachanganyikiwa au unapata degedege, hiyo ni dharura wakupeleke hospitali hapohapo, malaria kali ina sindano yake ya artesunate na mjamzito wa umri wowote wa mimba anachomwa.

Andika hayo maswali kwenye karatasi, usitegemee kichwa, ukifika pale yanapotea. Na uniandikie tena wakishakujibu, hasa hapo kwenye fidia na kwenye sampuli, mana nataka kujua huo ukurasa wameuandika vipi.

Dada yako